Utepe Kwenye Ukuta wa Muniandy

Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo mume wangu Ghazali kuinama mbele ya gari na bisibisi mkononi, akidai taa zetu zinaangalia chini mno. Nilikuwa nimechoka, tena si uchovu wa siku moja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nasafishwa damu kwa mashine kule mjini Sungai Petani, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo tunaondoka nyumbani kungali giza. Jumamosi ni ya kulala. Jumamosi ile nilikalishwa kwenye usukani kama gunia, eti taa hazipimwi mpaka gari liwe na uzito wa dereva.

"Mimi na wewe tuna uzito mmoja?" nikamuuliza.

"Tukiujumlisha na ulimi wako, tunalingana."

Baraza tunaloegesha gari ni fupi, hivyo gari lilitazama ng'ambo ya kichochoro, ukuta mweupe wa jirani yetu Muniandy, mstaafu wa kiwanda cha mpira asiyepitwa na jambo. Ghazali alimpa futi amsomee urefu kutoka chini hadi katikati ya taa. Muniandy akasoma, akapima urefu uleule ukutani kwake, akabandika utepe mweusi. Mwanga wa dimu, ule wa chini, unatakiwa uishie chini kidogo ya utepe, basi. Jua lilikuwa limeshazama, adhana ya isha bado. Nikawasha.

"Umepita juu ya utepe kiganja kizima," nikasema.

"Haiwezekani. Barabara siioni, utasemaje ziko juu?"

"Mzee Ghazali, ndiyo maana watu wanakupigia fulu usoni," Muniandy akadakia. "Juzi alfajiri nimekutana na wewe pale relini, nikadhani treni imeacha njia!"

Ghazali hakucheka. Akazungusha skrubu nyuma ya taa, na mwanga ukazidi kupanda, ukakaribia dirisha la Muniandy.

"Hapo je?" akauliza.

"Si unauona mwenyewe?"

Akainamia skrubu tena bila kutazama ukuta. Niliyajua majibu yake yote ya miaka thelathini na minne ya ndoa, na kunikwepa hakumo. Nikashuka garini.

"Baba Azrin, utepe uko wapi?"

"Mambo gani haya? Ule pale." Akanyoosha kidole kwenye bomba la maji ya mvua, hatua mbili nzima kutoka kwenye utepe.

Muniandy akanitazama, kisha akasema ameacha mchuzi jikoni, akaingia ndani.

Hasira ndiyo iliyotangulia, sitaficha. Niliwaza alfajiri zote zile, malori ya kokoto yakija mbele yetu, na mimi nimesinzia kiti cha abiria nikiamini niko mikononi mwa mtu anayeona.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo." Alikuwa akifuta bisibisi kwa shati, bisibisi isiyo na uchafu wowote. "Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Upasuaji ni wa siku moja tu kwa kila jicho, moja baada ya jingine."

"Sasa unangoja nini?"

"Baada ya hapo ananikataza kuendesha wiki kadhaa. Azrin wetu yuko mbali, Johor. Nani atakupeleka? Wewe ukikosa mashine mara mbili tu..." Akazigusa taa. "Nilidhani nikizipandisha kidogo, zitanitosha."

Nikamnyang'anya bisibisi, nikaanza kuzungusha kinyume. Mwanga ukateremka polepole ukutani.

"Ukizishusha hapo sitaona kitu, Mama Azrin."

"Najua. Usukani naushika mimi. Leseni ninayo."

"Miaka minne hujaendesha, tangu uanze mashine."

"Na wewe una miezi minne huoni, mbona umeendesha?"

Akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mwanga ulipotua chini ya utepe nikaacha. Hapo akauliza lile nililokuwa nalikwepa.

"Kwenda utaendesha. Kurudi je? Ukitoka kwenye mashine hata chupa ya maji huwezi kufungua."

Jibu nilikuwa nalo, ila miaka yote minne nimeona haya kulitoa mdomoni. Mtu akishaanza kuwaomba majirani kwa ajili ya ugonjwa wake, haishi kuomba. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na Ghazali akaubeba mzigo wote peke yake mpaka macho yakamwisha. Nikavuka kichochoro, nikashika geti la Muniandy.

"Muniandy! Samahani ndugu yangu, siku za kliniki, hizi wiki chache, kama hutajali, utuendeshee gari wakati wa kurudi..."

"Nitakuja na basi, gari lenu nilirudishe mimi. Saa ngapi?" sauti ikatoka jikoni.

"Saa nne na nusu," nikasema, na hapo ndipo nilipolia.