Shimo la Kabichi

Zorka alikuwa ameomba tuta. Hakuomba kisima, hakuomba handaki, wala hakuomba kaburi. Aliomba tuta la kupandia kabichi: urefu hatua tatu, upana hatua mbili, kina kisizidi goti. Alimwonyesha mumewe hilo goti, akalipiga kofi mbele ya macho yake, ili kesho asije akasema hakuelewa.

"Hapa, Mirko. Goti langu mimi, si la twiga."

"Nimesikia, mke wangu."

"Umesikia au umeelewa?"

"Vyote viwili."

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Leo ilikuwa siku ya kumi na moja, na Zorka aliyesimama ukingoni, mikono kiunoni, alikuwa anaona kofia tu. Kofia ilizama, ikaibuka, ikazama tena, na kila ilipozama sururu iligonga jiwe chini huko. Mzee wa miaka sabini na moja, mwenye presha, anachimba kama anayefukuzwa.

Ardhi ya Coober Pedy, mji wa jangwani huku Australia, hailimiki hivi hivi. Ni jiwe jekundu juu, jiwe jeupe chini, na jua linalokaanga vyote viwili. Anayetaka mboga huchonga shimo kwanza, akalijaza udongo wa kununua na samadi ya kondoo, ndipo aanze kumwomba Mungu. Kuchonga shimo si tatizo, maana mji mzima ni wachimbaji. Tatizo ni kuacha. Watu wa hapa walikuja kutafuta opali, kito kinachowaka rangi zote, na mtu aliyekuja kutafuta opali hawezi kufukua hata choo bila kuchungulia kilichomo ukutani.

Mirko alikuja kutoka Serbia akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, kwa mwaka mmoja tu, alivyomwambia mama yake. Zorka akamfuata mwaka wa pili, naye kwa mwaka mmoja tu. Wakachonga nyumba chini ya ardhi kama kila mtu, maana huku juu wakati wa kiangazi hata mjusi hutafuta kivuli. Basi nyumba ikaanza kukua. Zorka aliomba stoo ndogo ya kuwekea mitungi ya kabichi ya kuchachua; akapata stoo, ukumbi, na chumba ambacho mpaka leo hakina jina. Alipoomba rafu ya vitabu, alipata chumba cha kulala wageni. Sasa walikuwa na vyumba saba, watu wawili, na wageni hawaji. Mwaka juzi aliomba shimo la mlimau. Mirko alipotoka katika shimo hilo, mlimau ulikuwa umeshakauka ndani ya ndoo yake.

Hivyo safari hii Zorka alikuwa amesema neno zito. Alilisema mezani, bila kupiga kelele, na Mirko aliacha kijiko.

"Nina miche kumi na minne kwenye makopo. Aprili ikiisha haijaingia ardhini, haitafunga vichwa kabla joto halijarudi. Ikinifia kwenye makopo, mimi nakwenda kwa Vesna Adelaide. Na sirudi, Mirko. Utabaki na vyumba vyako."

Hakuwa anatania. Vesna, binti yao aliyehamia jiji la Adelaide, alikuwa na chumba tupu chenye dirisha, dirisha la kweli linalotazama mti. Kwa muda wa miaka arobaini na miwili Zorka alikuwa ameamka gizani, akapapasa swichi, akapanda ngazi kuona kama kumekucha. Alichotaka sasa ni kitu kimoja tu: akifika juu, akute kitu cha kijani kinachomngoja.

Maana huko juu alikupenda, ingawa hakuna aliyemwamini. Kila asubuhi, kabla upepo haujaamka, alikalia ndoo iliyopinduliwa karibu na bomba linalovuja. Vindege vyenye midomo myekundu vilikuja kwa makundi kunywa matone yale, vikigombana kama wanawake wa sokoni. Mvua ya Februari ilipopita, uwanda wote uliotoa vumbi tangu mwaka jana ulifunikwa maua madogo, meupe na zambarau, na Zorka alitembea humo akiwa ameshika viatu mkononi kwa kuogopa kuyakanyaga. Yalidumu wiki tatu. Kuyaona kulimpa wazimu wa kabichi: kama jangwa linaweza, na yeye ataweza.

"Mirko!" aliita sasa. "Goti langu liko wapi humo?"

Kofia iliibuka. Chini yake kulikuwa na uso mweupe kwa vumbi, na macho yanayong'aa. Zorka aliyajua macho yale.

"Kuna jiwe bubu hapa," Mirko alinong'ona.

Jiwe bubu ni opali isiyo na rangi, kijivu tupu. Halina thamani hata ya kopo la miche, lakini wachimbaji huliamini kuliko Injili, kwa sababu eti mahali palipo na bubu, msemaji hayuko mbali.

"Mimi sikuomba jiwe, bubu wala msemaji. Toka nijaze udongo."

"Siku mbili tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mke wangu."

"Ainame, Mirko! Ainame! Hakuna aliyesema azikwe!"

Kelele zilimleta Stamati, jirani yao Mgiriki, ambaye naye alikuwa na vyumba tisa na hana mke. Sheria hairuhusu kuchimba opali ndani ya mji, kwa hiyo kila mtu huko hutanua nyumba, na kila mtu anajua mwenzake anatanua nini.

"Shemeji, umeamkaje? Mzee yuko wapi?"

"Tumeshamzika."

Stamati akachungulia. "Loo! Kabichi gani hizi zinapandwa kichwa chini?"

"Bustani, Stamati!" sauti ilitoka shimoni. "Nachimba bustani!"

"Naiona. Na hiyo kapi na kamba ni za kuvunia?"

Zorka alicheka licha ya hasira, akadhani amepata wa kumsaidia. Akageuka kwenda kumletea kahawa. Aliporudi, Stamati, huyo huyo aliyekuja kucheka, alikuwa amepiga magoti ukingoni, kichwa chote ndani ya shimo, na wale wazee wawili wakinong'onezana kama wezi.

"Linaelekea upande gani?"

"Chini ya jikoni, naona."

"Chini ya jikoni wapi?" Zorka alifoka. "Jikoni kwa nani?"

Akainywa ile kahawa mwenyewe, vikombe vyote viwili.

Jumatano miche ilianza kugeuka rangi ya manjano. Alhamisi mmoja ulilala kando, akaunyanyua kwa kijiti cha kibiriti. Jioni hiyo alimpigia simu Vesna akamwambia atandike kitanda. Mirko alikuwa anaosha mikono, akasikia, akasema "siku mbili tu" kwa sauti ya mtu anayesema amina. Zorka hakuwa hata na nguvu ya kumtukana.

Ijumaa ilikuwa siku ya Mirko kupimwa presha kliniki. Alijaribu kuikwepa, lakini Zorka alimsukuma mwenyewe ndani ya gari la Stamati, akafunga mlango.

"Muuguzi akuweke asubuhi nzima," alimwambia. "Na ukiulizwa nani anakupandisha presha, usinitaje."

Gari lilipopotea, alikwenda kwenye magunia manane ya udongo na samadi yaliyokaa yakioka uani. Hakuyabeba, kwani mgongo wake ulikuwa na masharti yake. Aliyaviringisha mpaka ukingoni, akayapiga teke moja moja. Yalianguka kwa kishindo kilichomfurahisha sana, kila gunia akilipa jina la mumewe. Halafu akashusha makopo kwa ile kapi, akashuka ngazi, na kisu cha kupasulia magunia mdomoni.

Chini kulimshangaza. Shimo lilikuwa limempita kichwa, na kule juu upepo ulikuwa umeshaanza kurusha mchanga, lakini hapa hata unywele haukutikisika. Hewa ilikuwa ya baridi. Jua lilikuwa limeingia upande mmoja, jua la upole, na kuta nyeupe zilisambaza mwanga mpaka pembeni. Zorka alisimama akizunguka taratibu. Lile zee lilikuwa limechimba, bila kujua, tuta bora kuliko yote katika mji ule. Akatamani kumbusu, na papo hapo akatamani kumpiga.

Alipanda kwa saa nzima. Alitandaza udongo, akauchanganya kwa vidole, akaweka miche mistari miwili, saba na saba, kila mmoja akiushindilia shinani. Ulionyauka aliupa nafasi ya kivulini karibu na ukuta, kama mgonjwa anavyopewa kitanda cha pembeni. Aliimba kidogo. Akawaza atampigia Vesna kumwambia atandue kitanda. Kisha akashika kopo la kumwagilia, akamwagilia mstari wa kwanza, akafika kwa mgonjwa, na maji yakaruka yakalowesha ukuta.

Ukuta ukawaka.

Ulikuwa mstari mwembamba tu, urefu wa kidole. Kijani, halafu alipopepesa macho ukawa mwekundu, halafu buluu ikapita ndani yake ikakimbia. Zorka alisimama na kopo mkononi. Alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikiliza, "Sijaona kitu." Akamwagilia mche uliofuata.

Kisha akarudi akaurushia ukuta maji tena, kuhakikisha tu.

Atapangusa kwa kidole gumba, basi. Akapangusa. Mstari haukuishia pale alipodhani. Uliingia nyuma ya bonge la jiwe jeupe. Bonge lenyewe lilikuwa limelegea. Lingeweza hata kumwangukia mgonjwa wake, na mtu mwenye akili huondoa kitu kama hicho. Sururu ya Mirko ilikuwa imeegemea ukuta, mpini wake laini kwa jasho la miaka. Atapiga mara moja.

Alipiga. Bonge likadondoka, na nyuma yake mwanga ulikuwa mpana zaidi, upana wa ukucha, mwekundu kabisa. Zorka alitoa sauti ambayo hajawahi kuitoa kanisani wala kitandani. Akapiga tena, chini kidogo. Akahamisha mguu ili apate nguvu. Mgongo wake ulikuwa umesahau masharti yote. Mstari ulizama, akaufuata. Ukafifia ukawa kijivu, akasema hapana, utarudi, wanasema huwa unarudi. Akapiga kushoto, akapiga kulia, akalamba jiwe kama alivyomwona Mirko akilamba na yeye akimwita mbuzi.

Kivuli kikamwangukia.

Mirko alikuwa ukingoni, bado na plasta mkononi alipotolewa damu. Zorka hakujua alikuwa amesimama pale tangu lini. Akageuka, na hapo ndipo alipoona. Mstari wa miche ulio karibu na ukuta wote ulikuwa chini ya kifusi. Mstari wa pili aliukanyaga mwenyewe, kwa viatu vyake mwenyewe, huku na huko. Mgonjwa alikuwa haonekani kabisa.

Alingoja kicheko. Alistahili kuchekwa mpaka Pasaka, naye Mirko alikuwa na haki ya kumwita Stamati na mtaa mzima waje waone. Lakini mzee alishuka ngazi polepole, mguu mmoja halafu mwingine, akapiga magoti juu ya udongo uliolowa. Aliondoa jiwe, akatoa mche, akautazama mizizi karibu na jicho, jinsi anavyotazama mawe yake.

"Huu bado mzima," alisema.

"Mirko, mimi..."

"Minne imekatika. Hii mingine itapona ikipata maji upesi."

"Nilitaka kuangalia tu. Nilisema napiga mara moja."

"Najua."

"Ulionekana unaingia ndani. Ulikuwa mwekundu, Mirko, haki ya Mungu nakuapia, mwekundu kama..."

"Najua, Mama Vesna. Huwa unaonekana hivyo."

Alilisema bila kejeli yoyote, na hilo lilimuuma kuliko kejeli. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa amemwita huyu mtu fuko, mbuzi, kiziwi. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza alikuwa anaona nini. Sasa alijua, na alichukia kujua. Aliutazama udongo wake mzuri, samadi yake, majani yaliyopondeka, akataka kukaa chini alie kwa ajili ya kabichi zake. Lakini macho, macho hayakumtii. Yalirudi ukutani yenyewe.

Mirko aliyaona yakirudi. Alikuwa amekusanya miche kumi ndani ya kofia yake, akiifunika mizizi kwa udongo mbichi kwa vidole vyake vinene ambavyo havijawahi kupanda kitu.

"Na Adelaide?" aliuliza taratibu. "Bado unakwenda?"

Zorka aliokota sururu.

"Sogea," akasema. "Unaniziba mwanga."