Stevia ya Dirishani

Mama alikuwa fundi cherehani, na kidonda kilikuwa kwenye mguu ule ule anaokanyagia pedali. Kilianza kama lengelenge la kiatu. Sista wa kliniki ya kisukari alikifungua, akakinusa, akasema, "Mama, sukari isiposhuka, mguu huu hatutaweza kuuokoa."

"Nami nisipokanyaga tutakula nini, Sista? Bendeji?"

Sista alicheka. Mimi sikucheka.

Chai ndiyo iliyotushinda. Mama aliacha soda, akaacha keki, akapunguza wali, lakini chai isiyo na sukari alisema ni maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo nilipomsikia muuza miche akimsifia mteja stevia, mmea wenye majani matamu yasiyopandisha sukari mwilini, nilisimama pembeni mpaka mteja akaondoka. Mimi ni mtu wa aibu. Niliunyooshea kidole tu.

"Huu haupendi maji mengi," aliniambia. "Acha udongo ukauke juu ndipo umwagilie. Na ukitaka kutoa maua, yakate, la sivyo majani yanapoteza utamu."

Nilitoboa kopo la rangi chini, nikalijaza udongo wenye mchanga, nikaliweka dirishani kando ya cherehani, pale jua linapoingia. Kila asubuhi niligeuza kopo ili mmea usiinamie upande mmoja. Nilikata ncha zake, ukatoa matawi. Ulipojaa, nikawa nachuma majani kiganja kizima kabla ya kwenda kwa dobi, ambako nilikuwa napiga pasi, nayachemsha na chai mpaka inakuwa nyeusi, namwachia Mama kwenye chupa. Mwenyewe sikuionja. Majani yalikuwa ya Mama.

"Vipi, ni tamu?" niliuliza jioni ya kwanza.

"Tamu, Kimya wangu. Mpaka ulimi unateleza."

Chupa ilikuwa tupu. Nililala nimefurahi.

Baadaye majani yakaanza kuwa ya njano. Shina likawa jeusi kwa chini. Nilishika udongo, umelowa. Nikaacha kumwagilia, ukabaki umelowa vile vile. Nikadhani tundu limeziba, nikalipanua kwa msumari. Na kidonda cha Mama nacho kilizidi kuchimbika. Sista alipima sukari, akakitazama kile kimashine, akapima tena.

"Mama, unakula nini wewe?"

Mama alikuwa anatazama ukutani.

Siku moja umeme ulikatika kazini, pasi zikapoa, tukaruhusiwa kuondoka. Nilimkuta Mama amesimama dirishani, kikombe mkononi, anamimina chai yangu polepole kwenye kopo. Juu ya cherehani palikuwa na kikombe kingine kinachotoa mvuke, cha Mama Pacha, jirani yetu anayeuza chai ya sukari.

"Mama."

Aliruka kidogo. "Na wewe unaingia kama paka!"

"Siku zote unaimwaga?"

"Usinitazame hivyo, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unalibeba hilo kopo kama mtoto mchanga. Na wewe ukiguswa kidogo tu unashinda hujala. Nikaona bora niunyweshe mwenyewe huo mti."

"Ni mbaya hivyo?"

"Onja."

Nikaonja. Utamu ulitangulia, mwingi kupita kiasi, kisha ukaja uchungu kama wa kidonge kilichoyeyukia kooni. Majani mawili matatu yangetosha, tena ya kuloweka tu. Mimi nilikuwa nachemsha kiganja kizima. Nilishika shina ili nilinyooshe, likang'oka lenyewe. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka.

Kliniki iliyofuata tulipelekwa kwa daktari. Alibonyeza vidole vya mguu kimoja kimoja akimuuliza Mama kama anahisi. Hakuhisi hata kimoja. Daktari akasema mguu utakatwa chini ya goti kabla wiki haijaisha. Nilisubiri Mama atie mzaha wake. Aliuliza tu kama anaweza kuvaa kiatu.

Tuliporudi alikaa kwenye cherehani, akazungusha gurudumu kwa mkono bila kitambaa.

"Niletee ile chai yako," alisema.

"Ipi?"

"Ya majani. Kuanzia leo nitainywa, haki ya Mungu. Hata iwe chungu kama shubiri."

Kwenye shina lililong'oka palikuwa na tawi moja lenye majani machache yaliyojikunja. Niliyatia kwenye chai ya moto, nikayatoa upesi. Mama alifumba macho, akakunja uso kabla hata kikombe hakijafika mdomoni. Alikunywa funda moja. Akafumbua macho. Akanywa yote bila kupumzika.

"Mbona hii ni tamu?" alisema, akininyooshea kikombe. "Niongeze."

Nilimwambia yamekwisha.