Ulezi Ndani ya Mashua

Mashua ya Bibi Cornelia ilikuwa na urefu wa futi kumi na mbili, na kwa miaka miwili ilikaa uani kwake Sumbawanga, kati ya jiko la kuni na banda la kuku, bila kuonja ziwa. Mumewe, mzee Basil, fundi wa vitanda na madawati, ndiye aliyeranda mbao. Bibi Cornelia alishona tanga la kitambaa cha marekani kwa cherehani ya kukanyaga, kila ukingo mshono mara mbili. Mianya ya mbao aliiziba mwenyewe kwa pamba iliyochovywa mawese, akiisukuma kidogo kidogo kwa kijiti, kama anayemlisha mtoto uji.

Karatasi ya vipimo waliipata kwa Shamsi, mwenye duka la misumari na rangi pale Majengo. Shamsi alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye mashua za vipimo hivyo, watu kumi na mmoja, kila mtu kajijengea yake nyumbani. Kila mwezi wa saba walikutana ziwani, Kasanga. Na kanuni yao ilikuwa moja tu: mashua mpya haipewi namba, wala haitweki tanga pamoja na wenzake, mpaka ifaulu mtihani wa kanga. Inatandikwa kanga kavu chini kabisa ndani ya mashua, mashua inasukumwa majini, watu wanakunywa chai. Chai ikiisha, kanga inatolewa. Ikiwa imelowa, mwenyewe arudi mwakani.

Mwakani! Bibi Cornelia alikuwa na miaka sitini na tisa, na mwakani ya mtu wa umri huo si ya kukopeshwa ovyo. Alitaka namba yake mwaka huu. Alitaka kukaa nyuma kwenye usukani mwenyewe, si kubebwa kama gunia la mahindi.

Hamidi, dereva wa lori na mwanachama mwenye mdomo, alimwandikia kwenye kundi la simu: “Bibi, mbao za huko juu kwa baridi na upepo zimekauka kama biskuti. Njoo na ndoo.”

Bibi huandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo jibu lilifika kesho yake: “Naja nayo. Ya kukunyweshea wewe uji.”

Siku tatu kabla ya safari alikwenda Laela kwenye ubatizo wa kitukuu. Aliporudi jioni ya siku ya tatu, alisikia harufu kabla hajafungua mlango wa uani. Mashua ilikuwa imejaa maji mpaka nusu, na ndani ya maji kulikuwa na ulezi, debe kwa debe, umevimba na kunenepa.

“Bertila!” aliita. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Binti wa Bertila, jirani yake, alikuwa anaolewa wiki iliyofuata.

Bertila alitokea akifuta mikono kwenye kitenge. “Dada, usinikasirikie. Pipa langu limepasuka. Pombe ya harusi inataka kimea, na kimea kinataka ulezi uliolowekwa. Nikamwomba shemeji.”

“Shemeji akasemaje?”

Mzee Basil alikuwa anachunguza msumeno kana kwamba hajauona maishani. “Nilisema wakuulize wewe.”

“Waniulize mimi niko Laela?”

“Siku ya kwanza ilivuja, dada,” Bertila alisema, akidhani anafariji. “Tukawa tunaongeza maji. Jana ikatulia yenyewe.”

Bibi Cornelia hakuwa mtu wa kelele. Alichota ulezi wote kwa kibuyu, akautia kwenye magunia ya Bertila, akasugua mashua mara nne. Usiku kucha akilini aliona pamba yake ikiozea kwenye mianya. Kesho yake lori la Hamidi likaja, mashua ikapakiwa, wakateremka ziwani na makoti yao, wakiyavua moja moja kadiri joto lilivyopanda.

Pale Kasanga mashua mpya zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya Kornel, mwalimu kutoka Namanyere, aliyeitunza sebuleni isipate hata umande. Kanga zikatandikwa. Chai ikamiminwa. Bibi Cornelia alishika kikombe mpaka chai ikapoa, hakuinywa.

Kanga ya Kornel ilitolewa kwanza. Ilichuruzika kama imetoka kufuliwa.

“Pole, mwalimu,” Shamsi alisema. Kisha akainama kwenye mashua ya Bibi, akanyanyua kanga, akaibandika shavuni. “Kavu. Kavu kabisa!”

Vigelegele vikapigwa. Hamidi alinusa kanga. “Mbona inanukia pombe?”

Watu wakacheka. Bibi Cornelia angeweza kucheka nao, namba ikapakwa, mambo yakaisha. Lakini alimtazama Kornel akiikamua kanga yake.

“Shamsi, mwanangu,” alisema. “Kabla hujashika brashi. Mashua yangu imelowekwa ulezi siku tatu. Ilivuja kwanza, mbao zikavimba, ndipo ikajiziba. Kama si hivyo, tungekuwa sawa na mwalimu. Sikujua kama inaruhusiwa, na sitaki namba ya kuficha.”

“Amelowesha kabla!” Hamidi alipaza sauti, mikono hewani. “Bibi kapata majibu ya mtihani!”

“Nyamaza, wewe,” Shamsi alisema, lakini naye alikuwa anacheka mpaka kofia inamteleza. “Kanuni inataka kanga kavu. Haikusema mbao zinywe maji au togwa. Zetu sisi zinashinda majini, ndiyo maana hatukufikiria mashua zinazokaa huko juu. Namba kumi na mbili ni ya Bibi. Na mwalimu, izamishe yako leo, tuipime tena, tunakaa mpaka Jumapili.”

“Nitie ulezi kiasi gani?” Kornel aliuliza.

“Maji tu, baba,” Bibi alisema. “Ulezi ni wa harusi.”

Rangi ya namba ilipokauka, mzee Basil aliingia mbele, akashika ukingo kwa mikono yote miwili. Bibi Cornelia alikaa nyuma. Hamidi alikimbia majini mpaka magotini akimwelekeza: “Vuta kamba, Bibi! Legeza! Vuta!” Alivuta. Tanga lilijaa ghafla, mashua ikainama, mzee Basil akamtaja Mama Maria, na ufuko ukaanza kurudi nyuma.

Walikwenda mpaka watu wakawa wadogo kama kuku. Kwa mbali Shamsi alikuwa anapunga kanga, anaita kwamba warudi, mashua nyingine zinawasubiri watweke pamoja.

“Tunaitwa,” mzee Basil alisema.

“Nimesikia,” Bibi Cornelia alisema, akasukuma usukani, na badala ya kurudi, wakazunguka tena.