Kwenda Ziwani Bila Maji

Nyinyi vijana mnaoazima gari kwenda kutembea mbali, msitoke bila maji. Nasema hivi kwa sababu ya binti yangu Kathini na bwanake Okeyo, fundi wa magari pale steji ya Kawangware 56.

Mwaka wa tisini na sita walitoka Kibera na Land Rover kuukuu, waone mbuga za kaskazini, halafu Maralal, mji wenye nyumba walimofungiwa wazee wa uhuru, na mwisho lile ziwa la jangwani. Mimi nimezaliwa Kitui, ukame naujua. Niliwaambia wajaze mitungi yote. Okeyo, kwa heshima ya mkwe, alimgeukia Kathini badala yangu, akacheka.

"Mjaluo anaenda ziwani, abebe maji ya Gatwekera hapa Kibera? Si hata samaki watanicheka!"

Kathini naye amekulia Kibera, kila kona kuna mtu anauza maji. Wakaenda na mitungi mitupu, ati gari iwe nyepesi.

Mbugani Samburu waliona ndovu. Maralal wakapigwa picha. Kupita Baragoi barabara ikawa mawe meusi tu, hakuna mti, hakuna mtu, hata mbuzi. Joto la mchana likapasua paipu ya rejeta. Maji yakamwagika juu ya mawe, yakakauka wakiyaangalia.

Okeyo alifunga paipu na mpira, lakini ya kujaza hayakuwako. Ilibaki chupa moja ya kunywa.

"Lete hiyo."

"Ukiimwaga humo tutakunywa nini, fundi?"

"Basi kaa nayo. Naenda na mtungi. Hapo mbele hakukosi mtu."

"Mbele wapi? Okeyo, hapa si steji! Kaa kivuli cha gari, lori litapita."

"Na lisipopita? Narudi sasa hivi, Kathini."

Hakurudi. Kathini aliita mpaka sauti ikakauka. Aliogopa fisi, aliogopa wezi wa mifugo wenye bunduki, lakini zaidi aliogopa upepo mkali wa pale, maana ulikuwa unameza jina la bwanake likiwa bado mdomoni. Alitaka kumfuata. Mguu mmoja nje, mmoja ndani. Akakaa.

Alasiri lori la samaki likaja kutoka ziwani, upande uleule alikoenda Okeyo.

"Mmempita bwanangu?"

Dereva akamtazama. "Mama, barabarani hatukuona mtu."

Wakageuza lori. Walienda polepole, Kathini amesimama juu ya magunia, mpaka akaona shati jekundu limetupwa mbali na barabara. Okeyo alikuwa kwenye korongo kavu, kifua wazi, anachimba mchanga kwa kucha. Alimwangalia Kathini kama mtu asiyemjua.

"Usimpe mengi," dereva akasema. "Lowesha mdomo tu."

Kathini alichovya kidole kwenye chupa, akakipitisha juu ya ule ulimi uliovimba. Okeyo akakiuma. Akakiuma mpaka damu ikatoka, na Kathini akalia kwa furaha, wala hakukitoa.