Kompyuta Iliyogoma Kusaini

Mzee Lwakatare alikuwa bosi mzuri, ila alikuwa na ugonjwa wa nidhamu. Wakati wa vita alikuwa mgambo wa redio kule mpakani, na huko walifundishwa kwamba ukigusa kitufe ovyo, umemwambia adui ulipo. Vita vikaisha, yeye hakuisha. Stoo yetu ya dawa hapa Bukoba ilipopata kompyuta, mwishoni mwa miaka ya tisini, aliipokea kama mali ya jeshi.

Kompyuta ilikuwa na kazi moja, kusaini. Matapeli walikuwa wameghushi barua za kuomba dawa mpaka stoo kuu ya Mwanza ikachoka na mihuri. Sasa walitaka saini ya kidijitali. Unaandika maombi, kompyuta inayachanganya na ufunguo wa siri, inatoa mlolongo wa tarakimu, kisha unatuma vyote viwili Mwanza kwa njia ya simu. Kule wanaukagua mlolongo, na kama mtu amebadilisha hata nukta, wanayakataa. Programu ilitengenezwa na Suryakant, kitinda mimba wa mzee Thakorbhai wa duka la vitambaa, kijana aliyesoma mpaka akaanza kuongea peke yake. Kwa mahesabu mazito alitumia maktaba ya usimbaji, yaani mkusanyiko wa programu zilizokwisha kuandikwa na wataalamu wengine.

Akikaa yeye kwenye kiti, saini inatoka kabla hujamaliza kupiga chafya. Akituachia wenyewe, inachukua asubuhi nzima. Mimi nilisema wazi kwamba mashine imemzoea bwana wake na sisi inatudharau.

Na hatukuinyima heshima! Tukishabonyeza kitufe cha kusaini, Mzee Lwakatare anatangaza, "Mikono magotini!" Kipanya kinapandishwa juu ya kabati. Kibodi kinafunikwa kitambaa cha kufuma, vumbi lisije likaingia wakati mashine inafikiri. Chai marufuku. Mimi Mastura binti Shaban, niliyezaliwa nikiongea, nilikaa kimya mpaka taya zikauma.

Suryakant alilaumu simu. Akalaumu umeme. Akataka kuufupisha ufunguo, Mwanza wakakataa. Kila alipokuja kupima, alikaa akichezesha kipanya na kuandika hiki na kile, na saini ikatoka mara moja. Kisha alitutazama kana kwamba virusi ni sisi.

Ijumaa moja akaja Verdiana, muuguzi kutoka Kimwani, Muleba. Hakuja kwa ajili ya zahanati tu. Dada yake Kokubanza alikuwa hoi kwa ugonjwa ule uliokuwa ukitumaliza, na sasa utando mweupe ulikuwa umemziba koo.

"Hata uji haushuki, dada Mastura," aliniambia. "Maji yenyewe anayatema. Ndizi zimemzunguka nyumba nzima, na anakufa na njaa."

Vidonge vya kuondoa utando ule vilikuwa Mwanza. Stoo ya kule ilikuwa inafunga saa tisa na meli ilipakia jioni. Tukichelewa, meli nyingine ni Jumatatu.

"Jumatatu hafiki," alisema Verdiana.

Nikaandika maombi, nikabonyeza. Tulikuwa tumemwita Suryakant aje asimamie, lakini safari hii Mzee Lwakatare hakutaka mchezo, akamkalisha naye kwenye benchi. "Mikono magotini, kijana. Leo ni uhai wa mtu."

Tukakaa. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Mstari wa kijani kwenye kioo, unaoonyesha kazi ilipofikia, haukusogea. Suryakant alikuwa anatoka jasho, maana kwa mara ya kwanza mashine ilimdharau na yeye.

Saa nane na ushei Verdiana alisimama. Akakivuta kile kitambaa, akakitupa sakafuni, akaanza kukipiga kibodi kwa mikono yote miwili huku analia.

"Saini! Saini, we mwanaharamu! Kuna mtu anakufa!"

"Verdiana, waitu, mwenzetu!" alipiga kelele Mzee Lwakatare. "Unaua mashine!"

Lakini mstari ulikuwa umesogea. Suryakant aliruka kutoka kwenye benchi.

"Piga tena, dada! Piga tena!" Akajipiga paji la uso. "Jamani, mimi ni mjinga! Kila saini inahitaji namba mpya ambayo hakuna anayeweza kuibahatisha. Maktaba inaichota kwenye mikono yetu, jinsi tunavyobonyeza na kusogeza bila mpango. Ninyi mnakaa kama masista wa misheni ya Kashozi kwenye sala, na yenyewe inasubiri mtu aiguse!"

Nikakishusha kipanya kabatini, nikakizungusha mezani kama mtu anayesugua sufuria, nikirudisha na maneno yangu yote niliyoyameza. Mzee Lwakatare naye akasogea, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja: ta, ta, ta, ta.

"Ovyo zaidi, Mzee!" alisema Suryakant. "Hilo ni gwaride!"

Masikini, alishindwa kabisa kuwa ovyo. Mwishowe akafumba macho, akakilalia kibodi kwa viwiko, na saini ikatoka. Mwanza walijibu kwamba wameikubali, na sanduku linapelekwa bandarini.

Asubuhi Verdiana alilipokea kwenye meli na kupanda gari la Muleba. Baada ya wiki alirudi kuniambia kwamba Kokubanza amekula ndizi za kuponda, kisha akagomba kwamba hazina chumvi. Nilicheka mpaka nikalia.

Hakupona. Miaka ile hapakuwa na dawa ya kumponya, na mwaka uliofuata nilikwenda Kimwani kumzika. Mama yake alikuwa amekaa chini kwenye majani, na kila mtu aliyeinama kumpa pole alimshika mkono akamwambia neno lile lile.

"Mwanangu alikula. Mpaka mwisho, alikula chakula changu."