Ardhi Ikiwa Tupu

Barua ya shirika iliwafikia Jumatatu. Nyamai aliisoma mara mbili kabla ya kuwaita wenzake, maana hakuwa mtu wa kusema jambo ambalo hajalihakikisha. Aya ya kwanza ilikuwa njema: shirika la serikali lililomiliki kile kipande cha ardhi mtaani kwao Lindi limekubali kukikabidhi kwa kaunti, ili kaunti ijenge zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Hilo ndilo wakazi walilokuwa wameomba. Aya ya pili ilisema ardhi itakabidhiwa ikiwa tupu, na kwamba wote waliotajwa katika orodha iliyoambatishwa wana siku ishirini na moja za kuondoka.

Orodha yenyewe ilikuwa ya Nyamai.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka, na kwa ajili ya mwandiko wake wakazi walimfanya katibu wao. Mwaka uliotangulia, alipoandika ombi, alikataa kupeleka majina peke yake. Serikali ingesema ni watu wa kubuni. Kwa hiyo alizunguka mlango kwa mlango siku nne nzima, na mbele ya kila jina akaweka nambari ya kitambulisho, nambari ya nyumba na idadi ya wanaolala humo. Nyumba sitini na tatu, watu mia mbili na arobaini. Zahanati, kwa fikira zao, ingejengwa kwenye uwanja wa katikati uliokuwa jaa la taka. Haikumpitikia mtu kwamba kipande kingetolewa chote.

Adhis, mama mboga wa nyumba ya kumi na saba, aliitwaa ile karatasi akaitazama kwa muda.

"Hii si mwandiko yako, Nyamai?"

"Ni yangu."

"Basi umewasaidia. Hawakuhangaika hata kuhesabu."

"Wamelielewa ombi vibaya. Nitaenda niwaeleze."

"Enda, karani. Lakini usiwapelekee majina ingine."

Watu wakacheka. Hasira ilikuwa bado haijafika.

Kesho yake, kwenye ofisi za kaunti, afisa kijana aitwaye Kevin alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee wangu, nakuelewa," alisema. "Lakini hiyo ardhi bado haijakuwa yetu. Siwezi kutetea mtu kwa ploti ya wenyewe."

Jumatano, watu wa shirika wakamwambia kwamba wao wameshaiachilia; wa kuulizwa ni kaunti. Akauliza kama ombi linaweza kuondolewa. Karani wao akapekua faili. Linaweza, alisema, iwapo wote waliotia sahihi watafika wenyewe ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya barua. Barua ilikuwa na tarehe ya wiki mbili kabla ya kuwafikia. Hata zile ishirini na moja, Nyamai alipopiga hesabu, zilikuwa zimebaki tano.

Tingatinga lilikuja Jumanne iliyofuata. Msimamizi alishika orodha na kalamu, akikata nambari moja baada ya nyingine, na hakukosea mlango hata mmoja. Nyumba ya Okello, aliyekuwa amekataa kuandikwa kwa ubishi tu, ilisimama hadi saa nane mchana, msimamizi akipiga simu kuuliza afanye nini na mtu ambaye hayumo. Kisha nayo ikaangushwa.

Waliopata vyumba walivipata mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Nyamai na mkewe Kaluki walipata kimoja. Adhis alipanga mlango wa tatu kutoka kwao.

Baada ya miezi mitatu, Kevin alimpigia simu aje kwenye makabidhiano. Kipande chote kilikuwa kimezungushiwa waya, na ndani yake zilionekana sakafu za saruji, kila moja na ukubwa wake. Maofisa wa shirika walisimama upande mmoja, wa kaunti upande wa pili. Kevin akamnyooshea fomu.

"Hapa inatakikana mwakilishi wa wakazi. Anathibitisha ardhi haina mtu."

"Si nyinyi mlituvunjia?"

"Ni hawa. Sisi tunapokea tu."

"Na nisiposaini?"

"Inarudi kwa shirika. Zahanati imekufa."

"Nikisaini, itajengwa lini?"

Kevin hakumdanganya. "Kwa bajeti ya huu mwaka haiko. Hata ya mwaka ujao sijaiona. Lakini angalau ardhi itakuwa yetu."

Fomu iliuliza idadi ya wakazi. Nyamai alitazama tena ndani ya waya. Akaandika hakuna, kwa sababu hakukuwa na mtu, akatia sahihi.

Jioni alimkuta Adhis akifunga mafungu ya sukuma wiki mbele ya mlango wake.

"Umesaini?"

"Nimesaini."

"Ungekataa."

"Ningekataa ingebaki yao. Sisi bado tungekuwa huku, na zahanati hakuna."

"Najua." Adhis alikaza uzi, akaweka fungu chini, akachukua lingine. "Lakini tungekuwa tumenyang'anywa. Saa hii ni sisi tumewapa."

Nyamai alilitafuta kosa katika maneno hayo, kama alivyozoea kukagua barua kabla haijaondoka mkononi mwake. Hakuliona. Akabaki amesimama pale mpaka mteja mmoja akamwomba apishe.