Kigumu Chini ya Ubavu

Mwezi wa pili baada ya mwanawe kuoa, Mwamini alianza kuamini kwamba mkwewe anamtilia sumu.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, kwenye mwalo ambako boti hushusha samaki, na nyumba yake ya Ujiji aliijenga kwa jasho lake mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Musa, fundi wa injini za boti, alimwoa Shadya, binti wa kijiji cha Kagunga, na wote watatu wakawa wanaishi pamoja. Shadya alikuwa mkimya. Alipika, alifua, alikimbilia kuinua ndoo kabla mkwewe hajaiinamia. Wiki za mwanzo Mwamini alimpenda.

Kisha chakula kikaanza kurudi. Tonge la ugali wa muhogo lilimkwama kifuani, mate yakamjaa kinywani, akakimbilia uani kutapika. Mara ya kwanza alidhani amekula kwa pupa. Mara ya tatu akakumbuka kwamba siku zote hizo mpishi alikuwa Shadya. Kwa jirani yake Rozalia alikunywa uji bakuli zima, ukashuka bila tabu.

"Mimi sisemi kitu, Mama Musa," Rozalia alimwambia. "Ila kwangu unakula."

Hakuhitaji kuongeza neno.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Rozalia hakulijua, wala Musa, wala mtu yeyote wa Ujiji. Miaka tisa nyuma Mwamini alikuwa na kilo mia moja ishirini na nane. Sukari ilikuwa juu, magoti yamechoka, na kutoka mwaloni mpaka barabarani alipumzika mara tatu. Kaka yake anayeishi Muscat akamlipia safari ya India. Huko madaktari walimfunga mkanda wa silikoni sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ili ale kidogo na ashibe. Mrija mwembamba uliunganisha mkanda huo na kifundo kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti, kilichowekwa chini ya ngozi karibu na ubavu. Daktari akitaka kuukaza mkanda anachoma sindano hapo na kuongeza maji, akitaka kuulegeza anayatoa. Mwamini aliporudi, aliwaambia watu alikwenda kutibiwa magoti.

Kilo arobaini zilimtoka. Mwaloni wakasema ameleta dawa kutoka Kongo, wengine wakasema amefunga agano na jini la ziwani, na waliokuwa na ulimi mbaya zaidi wakasema ana ule ugonjwa. Aliwaacha waseme. Kukiri kwamba mtu mzima amelipiwa mamilioni ili afungwe tumbo asile, katika mji wenye watu wanaolala na njaa, aliona ni aibu kuliko jini. Akajifunza maisha mapya. Harusini alipokea sahani na kuisogeza kwa mwenzake. Tonge alilitafuna mpaka likawa uji. Maji hakuyanywa pamoja na chakula. Miaka miwili ya mwanzo alikwenda Dar es Salaam kwa daktari wa kuuangalia mkanda, na daktari huyo alipohama nchi, yeye hakutafuta mwingine. Alijiona amekwisha kupona. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi, maandazi yaliyolowekwa, juisi ya embe, vyote vilipita bila kizuizi, na kilo kumi na tano zikarudi polepole. Miezi mizima ilipita hakumbuki kabisa kwamba ana kitu tumboni.

Kwa hiyo chakula kilipoanza kurudi hakuufikiria mkanda. Alimfikiria Shadya.

Akaanza kumchunguza. Siku moja alibadilisha sahani yake na ya Musa wakati hakuna aliyemwona. Musa alikula akamaliza, akaomba maji, akaenda zake kazini mzima wa afya. Mtu mwingine angetulia hapo. Mwamini alisema moyoni kwamba basi dawa imesomewa jina lake peke yake.

Na Shadya naye alikuwa amebadilika. Alasiri moja alikuwa akimkanda mkwewe mgongo kwa mafuta, mkono ukateleza mbele ukagusa kitu kigumu, cha mviringo, chini ya ubavu wa kushoto. Mkono ukasimama. Mwamini aliusukuma kwa haraka kuliko ilivyostahili, akajifunika khanga, akasema imetosha. Tangu siku hiyo Shadya alimtazama kwa jicho la pembeni. Aliongea na mumewe chumbani kwa sauti ya chini, na Mwamini alipopita mlangoni wote wawili walinyamaza.

Ikafika Ijumaa moja, mchana. Mwamini alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la jikoni, akamwona Shadya akifungua pindo la khanga, akitoa kifuko cha plastiki na kumimina unga wa kijivu ndani ya mchuzi. Akamwita Musa kutoka uani. Akaingia jikoni, akamshika Shadya mkono kifuko kikiwa bado kinaning'inia.

"Hiki nini?"

"Dagaa, mama. Niliwakausha nikawatwanga."

"Dagaa wanafichwa kwenye khanga?"

Shadya alisema kwamba kila alichopika kilikataliwa, naye aliona mkwewe anaisha mwili, hivyo akawaza kumtilia nguvu kwenye mchuzi bila kumwambia, maana akiambiwa atakataa na huo. Kisha akachovya kidole ndani ya kifuko akalamba mbele yao. Mwamini hakuridhika. Alisema mwenye sumu huwa na kinga yake.

Hapo ndipo Shadya aliyekuwa mkimya siku zote alipoinua uso.

"Na wewe mama, hicho kigumu ulichofukia chini ya ubavu ni nini?"

Musa alimwangalia mama yake akingoja, na ilionekana wazi kwamba swali hilo hakulisikia kwa mara ya kwanza. Mwamini angeweza kusema. Neno lilimfika mdomoni, likarudi.

"Uvimbe wa zamani," alijibu. Halafu akamwambia Shadya akusanye nguo zake arudi kwao.

Musa alibishana na mama yake, akaomba, mwishowe akambeba mkewe kwa pikipiki mpaka Kibirizi, akampandisha boti ya Kagunga. Aliporudi alikwenda kulala bila kula.

Jumamosi Mwamini alijipikia mwenyewe. Alichagua mihogo mikavu, akasaga, akasonga ugali, akaunga samaki wa migebuka kwa mawese, hakumruhusu mtu asogee. Tonge la pili likarudi. Jumapili hata uji wa Rozalia ulirudi. Jumatatu asubuhi alimeza maji funda moja, nayo yakarudi, na maumivu yakampiga kifuani mpaka begani. Mkwe aliyemshuku alikuwa ng'ambo ya milima, Kagunga, na tumbo la Mwamini halikuwa na habari hiyo.

Musa alimpeleka hospitali. Daktari aliyewapokea, mwanamke kijana aitwaye Frida, aliuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji. Mwamini alisema hapana. Daktari alimpapasa, akafika kwenye ubavu, akamtazama machoni kwa muda, kisha akaagiza picha ya eksirei bila kuuliza tena. Picha iliporudi aliiweka kwenye mwanga. Pete nyeupe ilionekana, imelala upande, na mkia wake mwembamba ukishuka mpaka kwenye kifundo.

"Mama, huu mkanda umewekwa lini?"

Musa alitafuta kiti akaketi.

Frida alimpigia simu mpasuaji wa Dar es Salaam anayezijua kazi hizo, akafuata maelekezo yake. Alichoma sindano kwenye kifundo akavuta maji yote. Baada ya nusu saa Mwamini alikunywa maji, yakashuka, akalia. Daktari alimweleza kwamba mkanda ulikuwa ukiteleza taratibu kwa miezi kadhaa, tumbo likajipenyeza juu yake na kubanwa. Uji mwepesi ulipita, tonge zito halikupita, haijalishi limesongwa na nani. Angechelewa siku chache zaidi, sehemu iliyobanwa ingeoza. Ilibidi mkanda utolewe.

Njiani kurudi Musa ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Alipokigusa hicho kigumu, Shadya aliniuliza kama mama yangu ni mchawi," alisema. "Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akakuuliza."

Mkanda ulitolewa Dar es Salaam mwezi uliofuata. Mwamini alipopata nguvu alimwomba Musa ampeleke Kagunga. Wazazi wa Shadya walimpokea kwa adabu, wakamtandikia mkeka, lakini hakuna aliyecheka. Alisimulia yote, toka India mpaka kwenye picha, mbele ya Shadya na mama yake, akafunua na makovu wayaone.

Shadya alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilipokuuliza, ulijua ni nini?"

"Nilijua."

"Na ukanifukuza."

"Ndiyo, mwanangu. Nilikufukuza nikijua. Naomba unisamehe."

Mama yake Shadya alimwambia binti yake kwa Kiha kwamba mgonjwa husamehewa, ila mwongo aangaliwe. Pengine alidhani mtu wa Ujiji hatamwelewa. Mwamini alielewa kila neno, akainamisha kichwa.

Shadya alirudi kwa mumewe, lakini si Ujiji. Walipanga vyumba viwili mtaa wa Mwanga, si mbali, na Mwamini hakupinga.

Sasa umepita mwaka. Kilo ishirini zimemrudia, na vidonge vya sukari ameanza upya. Frida humpima kila mwezi na kumgombeza kuhusu chai. Mwaloni wanasema agano na jini limevunjika. Siku hizi anayeuliza anaambiwa ukweli, na wengi hawauamini. Rozalia mwenyewe aliusikiliza wote, akatikisa kichwa, akasema lazima kuna kingine kinachofichwa.

Ijumaa Shadya na Musa huja kula. Shadya ndiye anayepika. Kabla ya kumwekea mkwewe bakuli, huchota kijiko kimoja, akameza mbele yake, ndipo akalisogeza. Mwamini amekwisha kumwambia mara nyingi aache.

"Sawa, mama," Shadya humjibu, na wiki inayofuata huonja tena.